Kupangisha nyumba Wales: sheria inamdai nini mwenye nyumba

Watanzania na Wakenya waliokaa Uingereza miaka mingi, hasa wale wa kazi za hospitali na za kutunza wazee, mara nyingi hufika mahali wakanunua nyumba ya pili ili waipangishe. Baadhi yao huitafuta Wales, kwa sababu fedha isiyotosha kununua chumba na sebule London inaweza kununua nyumba nzima ya vyumba vitatu Merthyr Tydfil au katika mabonde ya Rhondda. Huja na maarifa ya England. Wamezoea kusikia habari za mkataba wa miezi sita, za notisi ya miezi miwili na za wakala anayemaliza kila kitu, nao hudhani kwamba Uingereza nzima inaongozwa na sheria moja ya nyumba. Makazi, hata hivyo, ni miongoni mwa mambo ambayo Bunge la Wales, lililoko Cardiff, lina mamlaka ya kuyatungia sheria lenyewe, na limeyatumia mamlaka hayo kwa bidii ambayo watu wengi wa nje hawaifahamu. Ukishavuka daraja la mto Severn, mkataba uliouchukua kwa rafiki yako wa Birmingham ni karatasi tu.

Mimi napangisha nyumba moja ndogo mjini Newport, na kwa kuwa watu wa kwetu hunipigia simu mara kwa mara kuulizia mambo haya, nimeona heri niyaandike mahali pamoja. Si mwanasheria, na mwenye shauri tayari mahakamani aende kwa wakili. Yaliyomo humu ni yale ambayo mwenye nyumba wa kawaida anapaswa kuyajua kabla hajampa mtu ufunguo.

Sheria ya Wales haikumwachia mkaguzi wa halmashauri kazi ya kumfuata mwenye nyumba mlango kwa mlango. Imefanya jambo la werevu zaidi, nalo ni kuufunga wajibu wa mwenye nyumba pamoja na nguvu zake, ili yule asiyetimiza wajibu fulani ajikute hana uwezo wa kudai kodi, au wa kuipata tena nyumba yake siku atakapoihitaji. Faini zipo, lakini kwa maoni yangu faini ndiyo sehemu nyepesi ya sheria hii. Kinachouma ni siku unapotaka kuitumia haki yako ukaambiwa kwamba huna, kwa sababu ya karatasi ambayo hukuitoa mwaka uliopita.

Tuanze na usajili. Sheria ya Nyumba ya Wales ya mwaka 2014 ilianzisha daftari moja la nchi nzima, liitwalo Rent Smart Wales, ambalo huendeshwa na Halmashauri ya Jiji la Cardiff kwa niaba ya halmashauri zote 22. Mfumo ulianza tarehe 23 Novemba 2015, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 23 Novemba 2016, adhabu zikaanza kutumika. Kila mwenye nyumba binafsi anayepangisha Wales anatakiwa ajisajili na kuorodhesha kila nyumba anayoipangisha, awe anaishi Swansea, Manchester au Mbezi Beach. Usajili hudumu miaka 5, na taarifa zikibadilika, kwa mfano umehama au umeuza, unatakiwa uzirekebishe ndani ya siku 28.

Leseni ni jambo jingine kabisa. Usajili ni wa kila mwenye nyumba, lakini leseni ni ya yule anayefanya kazi yenyewe ya kupangisha na kusimamia, yaani kutafuta mpangaji, kumwonyesha nyumba, kupokea kodi, kuita mafundi, kukagua na kutoa notisi. Huwezi kupewa leseni mpaka uhudhurie mafunzo yaliyoidhinishwa, ambayo unaweza kuyafanya kwa intaneti, na mpaka ionekane kwamba wewe ni mtu anayefaa, usiye na makosa ya namna ya udanganyifu, ukatili au ubaguzi. Asiyetaka leseni sharti awakabidhi kazi hizo watu walio nayo. Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoteleza, kwa sababu sisi huishi kwa kusaidiana. Nyumba iko Barry, mwenyewe amehamia Leeds, na mdogo wake aliyebaki Cardiff ndiye anayepokea kodi, anayepigiwa simu bomba linapopasuka na anayempeleka fundi. Mdogo mtu huyo, hata kama halipwi senti moja, anafanya kazi ya wakala, na kazi hiyo inahitaji leseni. Kumwambia afisa kwamba ni mambo ya kifamilia hakusaidii kitu.

Anayekamatwa bila usajili au bila leseni anaweza kupewa faini ya papo hapo ya pauni 150, au pauni 250 kwa makosa mazito zaidi, na asipolipa anaweza kushtakiwa. Lakini nguvu kubwa iko kwa baraza la migogoro ya nyumba, ambalo linaweza kutoa amri ya kusimamisha kodi, ili mpangaji akae bila kulipa mpaka mwenye nyumba atengeneze mambo yake, au amri ya kumrudishia mpangaji kodi aliyokwisha kulipa kwa kipindi kisichozidi miezi 12. Na mwenye nyumba asiye na usajili au leseni hana haki ya kutoa notisi ya kumwondoa mpangaji bila kutaja sababu. Notisi akiitoa, haina thamani mahakamani.

Msingi wa karibu mambo yote yanayofuata ni sheria ya pili, yaani Sheria ya Upangishaji wa Nyumba ya Wales ya 2016. Historia yake ina kichekesho kidogo. Tume ya Sheria, chombo kinachoshauri juu ya marekebisho ya sheria za England na Wales, ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2006, ikipendekeza kwamba msitu wa aina za upangaji ulioota kwa miongo mingi ufyekwe na zibaki aina mbili tu za mkataba. London haikuitekeleza. Wales ikaiokota, ikaigeuza kuwa sheria miaka 10 baadaye, kisha ikachukua miaka mingine kuandaa kanuni zake, hata sheria ikaanza kazi rasmi tarehe 1 Desemba 2022, baada ya kuahirishwa kutoka Julai mwaka huo. Siku hiyo mikataba iliyokuwapo, ukiacha michache ya kale sana, iligeuka yenyewe kuwa mikataba ya sheria mpya. Kwa hiyo mwenye nyumba anayejitetea kwamba mpangaji wake aliingia zamani, kabla ya haya yote, hana pa kusimama.

Wajibu wa kwanza chini ya sheria hii ni hati ya mkataba. Ndani ya siku 14 tangu siku ambayo mpangaji ana haki ya kuanza kukaa, mwenye nyumba anatakiwa awe amempa hati ya maandishi inayoeleza mkataba wote, yakiwamo majina, anwani, kodi na tarehe za malipo, masharti ya msingi ambayo sheria yenyewe imeyaweka, masharti ya nyongeza yanayoweza kubadilishwa kwa makubaliano, na yale ya ziada ambayo ninyi wawili mmependa kuyaongeza, kama vile habari za paka. Hati hii huwa na makumi ya kurasa. Sisi tuliozoea mkataba wa karatasi moja iliyopigwa muhuri na mwenyekiti wa serikali ya mtaa tunaweza kuiona kuwa ni urasimu, lakini Serikali ya Wales imechapisha mifano yake bila malipo, na kazi yako ni kujaza na kuchagua. Ukitaka kuituma kwa barua pepe, mpangaji awe amekubali kupokea hati kwa njia hiyo. Na usijaribu kufuta sharti la msingi lisilokupendeza, kwa maana baadhi yake hayabadiliki kabisa, na mengine hubadilika ikiwa tu mabadiliko hayo yanamnufaisha mpangaji.

Jamaa mmoja ninayesali naye, mwenye nyumba katika mabonde, alinieleza mkasa wake baada ya ibada huku ameshika bahasha mkononi. Mpangaji wake aliingia mwezi Juni. Wote wawili walikuwa watu waungwana, walikubaliana kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu, na kodi ikawa inaingia benki kila mwezi bila kuchelewa. Hati ya mkataba aliitoa Februari ya mwaka uliofuata, alipoanza kufikiria kuuza nyumba, kwa sababu wakala wa mauzo alimuuliza iko wapi. Sasa tazama hesabu inavyokwenda. Kwanza, kwa kila siku ambayo hati ilichelewa, mpangaji anastahili fidia sawa na kodi ya siku moja, mpaka kufikia kodi ya miezi miwili, na anaruhusiwa kuikata katika kodi anayodaiwa. Ikithibitika kwamba mwenye nyumba alichelewesha kwa makusudi, mahakama inaweza kuiongeza. Pili, mwenye nyumba aliyechelewesha hati haruhusiwi kutoa notisi bila sababu mpaka miezi sita ipite tangu siku alipoitoa, maana yake kwa jamaa huyu ni mwezi wa Agosti. Tatu, notisi yenyewe ni ya miezi sita, kwa hiyo inaisha Februari nyingine. Mpangaji asipotoka siku hiyo, ndipo safari ya mahakamani inapoanza. Yote haya yametokea pasipo ugomvi wowote, na pasipo mtu kuvunja hata kioo cha dirisha.

Kuhusu notisi hiyo, msomaji aliyezoea England aangalie vizuri. Wales haijaifuta notisi bila sababu, tofauti na Scotland, ambayo iliachana nayo kwa mikataba mipya kuanzia Desemba 2017, na England, ambayo sheria yake ya 2025 imeifuta kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Kilichofanyika Wales ni kuirefusha na kuizungushia uzio. Hairuhusiwi kutolewa katika miezi sita ya kwanza ya mkataba, na ikitolewa ni ya miezi sita, kwa hiyo mpangaji mpya ana hakika ya mwaka mzima maadamu analipa na hafanyi vurugu. Mkataba wenye muda maalumu hauwezi kukatizwa kwa notisi ya namna hiyo katikati ya muda wake, isipokuwa uwe wa miaka miwili au zaidi na uwe na kifungu cha kuukatisha, ambacho nacho hakitumiki katika miezi 18 ya kwanza. Fomu ni maalumu, RHW16, na baada ya notisi kuisha una miezi miwili tu ya kupeleka dai mahakamani. Mpangaji, kwa upande wake, anaweza kuondoka kwa notisi ya wiki nne. Wenye nyumba hulalamikia tofauti hiyo, nami naona hawana hoja nzito, kwa sababu anayeondolewa hupoteza makazi na pengine shule ya watoto, na anayeondokewa hupoteza kodi ya mwezi au miwili.

Orodha ya mambo yanayokuzuia kutoa notisi hiyo ni ndefu. Hati ya mkataba tumeshaiona. Mengine ni kutompa mpangaji jina lako na anwani ya kukuandikia, kutohifadhi amana yake kisheria, kutomrudishia malipo uliyoyachukua kinyume cha sheria, kutokuwa na cheti halali cha matumizi ya nishati, kutokuwa na cheti cha usalama wa gesi kinachopatikana kila mwaka, kutokuwa na ving'ora vinavyotakiwa, na kutofanya ukaguzi wa umeme. Mahakama hailazimiki kujua kama mpangaji wako ni mkorofi au malaika. Inatazama kwanza kama karatasi hizo zilikuwapo.

Ving'ora na umeme vinanipeleka kwenye sehemu ya sheria ninayoiheshimu kuliko zote, yaani wajibu wa kuhakikisha kwamba nyumba inafaa kukaliwa na binadamu, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho ya mkataba. Kanuni zimetaja mambo 29 ya kutazamwa, kuanzia unyevu na ukungu, baridi kali, hewa ya kaboni monoksaidi, madini ya risasi na asbesto, hadi msongamano wa watu, wadudu, ngazi zinazoangusha na milango isiyozuia wezi. Juu ya hayo, mambo matatu yamewekwa kuwa ya lazima bila mjadala. La kwanza ni king'ora cha moshi katika kila ghorofa, kilichounganishwa na umeme wa nyumba, wala si cha betri peke yake, na vyote viwe vimeunganishwa ili kimoja kikilia vingine vilie. La pili ni king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba chenye kifaa kinachotumia gesi, mafuta, kuni au makaa. La tatu ni ukaguzi wa mfumo wa umeme angalau kila baada ya miaka mitano, na mpangaji apewe nakala ya ripoti ndani ya siku 14 tangu siku anayopata haki ya kukaa. Kwa mikataba ya zamani iliyogeuzwa, wenye nyumba walipewa mwaka mmoja kukamilisha ving'ora vya moshi na ukaguzi wa umeme, mpaka Desemba 2023, na muda huo umekwisha.

Fundi umeme alipomaliza kazi katika nyumba yangu, aliniomba nisimame juu, karibu na mlango wa chumba cha nyuma, naye akabaki chini kwenye korido, akakibonyeza kitufe cha king'ora cha pale kwa mpini wa ufagio. Vya juu na vya chini vikalia kwa pamoja kwa ukali ambao sikuutarajia, na mpangaji, mama wa watoto wawili, akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza kuna nini. Nilielewa pale maana ya kuunganishwa: moto ukianzia jikoni usiku, mtoto aliyelala ghorofani hasikii king'ora cha jikoni kupitia milango miwili iliyofungwa, lakini kilicho juu ya mlango wake atakisikia.

Kukosa kimojawapo cha vitu hivyo vitatu kunaifanya nyumba ihesabiwe kuwa haifai kukaliwa, hata kama ni nyumba nzuri yenye zulia jipya. Na kwa mujibu wa kanuni, mpangaji hadaiwi kodi kwa siku yoyote ambayo nyumba haifai. Somo hilo ni zito kwa pande zote mbili. Mwenye nyumba anaweza kugundua kwamba kodi ya miezi mingi haikuwa halali kudaiwa kwa sababu ya ukaguzi wa umeme uliopitwa na tarehe. Mpangaji naye asikimbilie kuzuia kodi kwa sababu ameona doa ukutani, kwani hakimu akiamua kwamba nyumba ilikuwa inafaa, fedha aliyoizuia inageuka kuwa deni, na deni linaweza kumtoa.

Ukungu unastahili maneno yake. Nyumba nyingi za mabonde zilijengwa kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Zimeungana kuta kwa safu ndefu, kuta za nje ni za mawe, nene, zisizo na uwazi katikati ambao ungeweza kujazwa kizuia baridi. Majira ya baridi, mvuke wa kupikia na wa nguo zilizoanikwa ndani hugota kwenye ukuta wa upande usiopata jua, na ukilisogeza kabati la nguo unakuta ukungu mweusi umetanda kutoka sakafuni hadi kiunoni. Jibu la wenye nyumba wengi, wakiwamo wa kwetu, ni kumwambia mpangaji afungue madirisha. Sheria inakubali kwamba mwenye nyumba hawajibiki pale ubovu unapotokana kabisa, au kwa sehemu kubwa, na uzembe wa mpangaji, wala hawajibiki ikiwa nyumba haiwezi kufanywa ifae kwa gharama ya kiasi. Lakini hakimu atauliza maswali kabla ya kulikubali hilo. Je, bomba la mvua la nje linavuja ukutani? Je, feni ya kutoa hewa bafuni inafanya kazi? Je, mfumo wa kupasha joto unatosha chumba hicho? Mwenye nyumba aliyewahi kuyatafuta majibu ya maswali hayo, na akaandika alichokikuta, yuko mahali pema kuliko yule aliyetuma ujumbe wa simu wa mstari mmoja.

Matengenezo ya kawaida nayo ni sharti la msingi. Mwenye nyumba analazimika kutunza jengo na sehemu zake za nje, pamoja na mifereji na mabomba, na kuhakikisha kwamba maji, gesi, umeme, vyoo, joto na maji ya moto vinafanya kazi. Wajibu wa kutengeneza huanza pale anapojua kwamba kuna tatizo, ndiyo maana mpangaji mwerevu hutoa taarifa kwa maandishi. Kuingia kukagua kunataka taarifa ya angalau saa 24, na kuingia kwa wakati unaofaa. Ile tabia ya mwenye nyumba kupita jioni na funguo zake za akiba kutazama kama pamedekiwa, ambayo wengi wetu tuliivumilia Dar es Salaam tulipokuwa wapangaji, huku ni uvunjaji wa mkataba. Na mwenye nyumba anayejibu malalamiko ya matengenezo kwa kutoa notisi ya kuondoka ajue kwamba hakimu ana uwezo wa kulikataa dai lake akiona kwamba notisi ilitolewa ili kumkomoa mpangaji, na akishakataliwa hawezi kutoa nyingine mpaka miezi sita ipite.

Upande wa fedha nitaupitia haraka. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, sheria ya Wales ya ada za upangishaji imekataza kumtoza mpangaji chochote zaidi ya kodi, amana, malipo ya kushikilia nyumba yasiyozidi kodi ya wiki moja, bili kama za maji, umeme na kodi ya halmashauri, na malipo machache yanayotokana na kosa lake, kama kuchelewesha kodi au kupoteza funguo. Ada ya kumwonyesha nyumba, ada ya kuandika mkataba na ada ya kumchunguza mpangaji zote ni marufuku, na yule anayezichukua huenda akashtakiwa. Amana lazima iwekwe katika mpango ulioidhinishwa na mpangaji apewe taarifa zake ndani ya siku 30. Asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya amana yenyewe. Kodi inaweza kupandishwa mara moja tu kwa mwaka, kwa fomu RHW12 na notisi ya miezi miwili, katika mikataba isiyo na muda maalumu.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulichanganya. England humlazimisha mwenye nyumba kukagua kama mpangaji ana haki ya kuishi nchini, pasipoti na viza na kadhalika. Wajibu huo haujawahi kuanza kutumika Wales. Mwenye nyumba wa Cardiff anayemnyima nyumba mtu wa Mombasa kwa kisingizio kwamba sheria inamtaka aone viza yake anaitaja sheria isiyotumika hapo, na zaidi ya hayo anaweza kujikuta anajibu tuhuma za ubaguzi wa rangi au wa asili. Nimewasikia hata watu wa kwetu wakiomba viza za wapangaji wa kwetu.

Mpangaji asiyelipa ana njia yake. Deni likifikia kodi ya miezi miwili, kwa wanaolipa kila mwezi, mwenye nyumba anaweza kutoa notisi ya siku 14 kisha akaenda mahakamani, na ikiwa deni lilikuwa zito siku ya notisi na bado ni zito siku ya kusikilizwa, hakimu analazimika kutoa amri ya kuirudisha nyumba. Ndiyo maana wapangaji wenye ushauri mzuri hulipa sehemu ya deni kabla ya siku hiyo. Makosa mengine ya mkataba yana notisi ya mwezi mmoja, na vurugu hazihitaji kusubiri. Mpangaji akitoweka, mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kitasa siku ya pili. Hubandika notisi ya onyo ya wiki nne, huulizia kwa kadiri inavyowezekana, na muda ukiisha pasipo dalili ya mtu, anaweza kuichukua nyumba bila amri ya mahakama. Hilo ni jipya na ni zuri, maana zamani mwenye nyumba angeogopa kuonekana amemfukuza mtu kinyume cha sheria.

Mpangaji akifariki, mkataba haufi naye moja kwa moja. Mwenzi wake wa ndoa aliyeishi hapo hurithi mkataba kwa kipaumbele, na asipokuwapo, ndugu aliyeishi naye, au hata mtu aliyekuwa akimtunza, anaweza kurithi akitimiza masharti. Kwa wale wenye wapangaji wazee, na wapo wengi katika mabonde, ni vizuri kulisoma fungu hilo mapema, kwa sababu anayebaki nyumbani baada ya mazishi huenda ndiye mpangaji wako mpya kisheria, kwa kodi ile ile na masharti yale yale.

Jamaa wa mabondeni hakuisubiri Februari. Aliuza nyumba pamoja na mpangaji wake ndani, kwa bei pungufu kidogo, kwa mtu mwenye nyumba nyingine kadhaa mtaa huo huo. Mnunuzi akawa mwenye nyumba siku ile ile ya uhamisho, na ndani ya siku 14 akampelekea mpangaji notisi yenye jina lake na anwani yake, kama sheria inavyotaka mwenye nyumba anapobadilika. Jamaa akaingia Rent Smart Wales na kuiondoa anwani hiyo katika usajili wake kabla ya siku 28 kupita.